Kichocheo kilichozidi kuboreka kadiri kilivyotumika: kisa cha platini iliyojificha kwenye salfaidi ya molibdeni

Majina ya watu, chuo, mji na tarehe vimeondolewa, na vipimo vya maabara vimekadiriwa kwa tarakimu za karibu. Mlolongo wa kisa umeachwa kama ulivyo, kwa sababu ndio wenye somo, na kwa sababu umejirudia kwenye maabara nyingi zinazotafuta vichocheo vya bei nafuu vya kuzalisha haidrojeni.

Usuli

Kundi lilikuwa dogo: msimamizi mmoja, mwanafunzi wa uzamivu, mwanafunzi wa uzamili na fundi sanifu wa maabara. Lengo lao lilikuwa kutengeneza kichocheo cha kutoa haidrojeni kutoka kwenye maji yenye asidi bila kutumia platini. Platini ndiyo bora kwa kazi hiyo, lakini bei na uhaba wake vinafanya mashine za kupasua maji kwa umeme ziwe ghali, na kila anayetaka kuhifadhi umeme wa jua au wa upepo kwa njia ya haidrojeni hukutana na kikwazo hicho.

Walichagua salfaidi ya molibdeni, MoS₂. Chaguo lilikuwa na msingi mzuri. Mwaka 2005 hesabu za kundi la mtafiti Nørskov zilionyesha kwamba kingo za tabaka za MoS₂ hushika atomu ya haidrojeni kwa nguvu ya wastani, si kwa kuing'ang'ania wala kwa kuiachia mapema mno. Mwaka 2007 vipimo vya mtafiti Jaramillo na wenzake vilithibitisha kwamba utendaji wa MoS₂ hufuata urefu wa kingo zake, si eneo la uso wake bapa. Tangu hapo kazi ya watengenezaji imekuwa kuzalisha kingo nyingi: petali nyembamba za nanomita chache, zenye kasoro na mipasuko.

Utengenezaji ulikuwa wa kawaida. Gramu 1.24 za amoniamu heptamolibdeti na gramu 2.28 za thiorea ziliyeyushwa kwenye mililita 35 za maji, zikatiwa kwenye otoklevu, yaani chombo kinachofungwa kabisa na kuhimili shinikizo, yenye kikombe cha Teflon, zikakaa kwenye oveni kwa nyuzi 220 za Selsiasi kwa saa 18. Thiorea hiyo inatoa salfa mara mbili na zaidi ya ile inayohitajika kikemia, na ziada hiyo imekusudiwa: hukaa kwenye kingo na kuzuia fuwele zisikue kubwa. Unga mweusi uliosafishwa kwa maji na ethanoli ulionyesha petali nzuri kwenye hadubini ya elektroni. Kwa upande wa utengenezaji hakuna wa kulaumiwa katika kisa hiki. Tatizo lilikuwa kwenye kupima.

Jinsi seli ilivyopangwa

Hapa ndipo msomaji anapaswa kutulia, kwa sababu kila kitu kilichotokea baadaye kilikuwa tayari kimekaa mezani.

Seli ilikuwa bika moja ya mililita 100 yenye mililita 80 za asidi ya sulfuriki ya 0.5 M (moli 0.5 kwa lita). Elektrodi zote tatu zilizama humo humo. Elektrodi ya kazi ilikuwa kaboni-kioo yenye kipenyo cha milimita 3, eneo la sentimita mraba 0.07. Juu yake walidondosha mikrolita 5 za wino uliotengenezwa kwa miligramu 4 za kichocheo, mililita 1 ya mchanganyiko wa maji na ethanoli, na mikrolita 80 za myeyusho wa asilimia 5 wa Nafion, polima inayoshikiza unga na kupitisha protoni. Ukipiga hesabu, unga unaobaki juu ya elektrodi ni kama mikrogramu 18.5, sawa na miligramu 0.26 kwa sentimita mraba.

Elektrodi rejea, yaani ile ambayo volti hupimwa dhidi yake, ilikuwa ya fedha na kloridi ya fedha, yenye myeyusho wa kloridi ya potasiamu ndani yake. Elektrodi pinzani, yaani ile inayopokea mkondo upande wa pili, ilikuwa waya wa platini uliosokotwa.

Waya huo ulikuwa kifaa cha thamani kuliko vyote kwenye droo ile. Ulirithiwa kutoka kwa wanafunzi waliotangulia, ukichomwa kwa moto wa gesi kila wiki kuusafisha, na kila mtu aliuona kama sehemu safi kuliko zote za seli. Jambo la pili: maji safi sana yalikuwa yanapatikana kwa mgao, hivyo asidi iliyokwisha kutumika ilirudishwa kwenye chupa yake na kutumika tena siku zinazofuata.

Mlolongo wa matukio

Elektrodi mpya ilihitaji milivolti 240 za ziada ili kutoa mkondo wa miliampea 10 kwa sentimita mraba. Kipimo hicho ndicho kinachotumika kulinganisha vichocheo, na kadiri milivolti zinavyopungua ndivyo kichocheo kinavyokuwa bora. Mteremko wa Tafel, unaoeleza milivolti ngapi zinahitajika kuongeza mkondo mara kumi, ulikuwa 75. Ni matokeo ya wastani, yanayoaminika kwa MoS₂ ya aina ile.

Kisha ukaja mtihani wa uimara. Volti zilipandishwa na kushushwa kati ya +0.2 na −0.4 kwa kipimo cha elektrodi ya haidrojeni, kwa kasi ya milivolti 100 kwa sekunde. Mzunguko mmoja huchukua sekunde 12, kwa hiyo mizunguko 1,000 ni saa tatu na dakika ishirini. Matarajio ya kawaida ni kuona kichocheo kikichoka kidogo. Hiki kilikwenda kinyume: baada ya mizunguko 1,000 zilihitajika milivolti 110 tu, na baada ya 5,000 zikabaki 60. Mteremko ulishuka hadi 34.

Furaha ilikuwa kubwa, na ni rahisi kuielewa. Maandiko ya kisayansi yamejaa maelezo ya vichocheo vya molibdeni vinavyoamka kwa kutumika. Tabaka zinaweza kutengana protoni zikipenya katikati yake, salfa inaweza kung'oka na kuacha nafasi zinazofanya kazi, na sehemu ya fuwele inaweza kubadilika kutoka umbo linalopitisha umeme kwa shida kwenda umbo linalopitisha vizuri. Yote hayo hutokea kweli katika mazingira fulani. Mwanafunzi wa uzamivu aliandika rasimu ya makala akiegemea maelezo ya kwanza na ya pili, na muhtasari wake ukakubaliwa kwenye mkutano wa kisayansi.

Kulikuwa na jambo moja lisilokaa sawa. Elektrodi tatu zilizotengenezwa kwa wino mmoja, siku moja, zilifika milivolti 60, 95 na 140 baada ya mizunguko ile ile 5,000. Rasimu ilieleza tofauti hiyo kuwa ni unene wa wino usiolingana.

Aliyefungua njia ni mwanafunzi wa uzamili. Alipewa kazi ya kujaza jedwali la mbinu, lenye mstari kwa kila sehemu ya seli, na alipofika kwenye elektrodi pinzani aligundua kwamba rasimu nzima haikuitaja. Alipoandika "waya wa platini" na kuangalia mteremko wa 34 kwenye ukurasa huo huo, akasita. Mteremko wa karibu 30 ni alama inayojulikana ya platini kwenye asidi. Akarudi kwenye daftari la maabara na kupanga elektrodi zile tatu kwa tarehe ya asidi iliyotumika badala ya namba ya sampuli. Iliyofika 60 ilipimwa kwenye asidi iliyokuwa imetumika kwa wiki kadhaa. Iliyobaki 140 ilipimwa kwenye asidi mpya.

Kwa nini platini husafiri

Wengi hufundishwa kwamba platini haiyeyuki. Katika asidi iliyotulia, bila umeme, hilo ni kweli kwa matumizi ya kawaida. Kwenye elektrodi pinzani hali ni nyingine. Wakati upande wa kazi unatoa haidrojeni, upande wa pili unatoa oksijeni, na waya unasukumwa hadi karibu volti 1.7 au zaidi. Uso wake hupata tabaka jembamba la oksaidi. Volti zikishuka tena, oksaidi huvunjika, na atomu chache huponyoka kuingia kwenye asidi kila mara. Ndiyo maana kupandisha na kushusha volti huyeyusha platini kuliko kuishikilia kwenye volti moja, na mtihani wa mizunguko 5,000 ni mashine kamili ya kufanya hivyo. Umeme ukikatika katikati ya jaribio, jambo lililotokea zaidi ya mara moja, waya hushuka kutoka volti za juu na kupanda tena umeme unaporudi. Huo ni mzunguko mwingine usioandikwa popote.

Kloridi inaongeza ubaya. Elektrodi rejea ya kloridi ya fedha huvuja kidogo kupitia kizibo chake cha vinyweleo, na kloridi hufungamana na ioni za platini zikabaki salama ndani ya myeyusho. Zikifika kwenye elektrodi ya kazi, iliyo kwenye volti chini ya sifuri ya elektrodi ya haidrojeni, hazina namna ila kugeuka metali: kwa ioni hizo zilizofungwa na kloridi, ubadilikaji huo huanza tangu karibu volti +0.75. Kila ioni inayogusa uso hubaki hapo. MoS₂, yenye eneo kubwa na kingo nyingi, ni kitanda kizuri cha kuzipokea.

Hadubini iliyosema hakuna kitu

Kabla ya kufikia shaka hii, kundi lilikuwa limeshafanya uchunguzi wa elementi kwa miale ya X kwenye hadubini ya elektroni. Ripoti ilionyesha molibdeni, salfa, kaboni, oksijeni na florini ya Nafion. Platini haikuonekana. Msimamizi aliitumia ripoti hiyo kupinga shaka, na hoja yake ilionekana nzito mpaka hesabu ilipoandikwa ubaoni.

Sentimita mraba moja ya uso wa platini ina atomu kama 1.5 × 10¹⁵. Tabaka moja la atomu, likitandazwa kwenye diski ya sentimita mraba 0.07, lina uzito wa nanogramu 34 hivi. Ukizilinganisha na mikrogramu 18.5 za MoS₂ ni asilimia 0.18. Ukiongeza Nafion iliyokaukia ndani ya wino, ambayo kwa uzito inakaribia kichocheo chenyewe, platini inashuka chini ya asilimia 0.1 ya utando wote. Kiasi hicho kiko kwenye mpaka wa kile kifaa hicho kinaweza kuona, au chini yake. Lakini tabaka moja la platini lililosambaa kwenye diski linatosha kabisa kubeba miliampea 10 kwa sentimita mraba kwa makumi machache ya milivolti.

Kulikuwa na kasoro ya pili, na hii hukosewa mara nyingi hata na watu wazoefu. Mstari mkuu wa platini kwa nishati ya chini, yaani nishati ya miale ya X inayoitambulisha, uko kwenye kilo-elektronivolti 2.05. Mistari ya molibdeni na salfa imekaa kwenye 2.3, ikiwa mirefu kwa sababu sampuli nzima imetengenezwa kwa elementi hizo. Platini kidogo inamezwa kwenye ukingo wa mlima huo. Mstari ulio peke yake, wa 9.44, hauamki mpaka elektroni zirushwe kwa zaidi ya kilovolti 11.6, na kwa vitendo 20 hivi. Picha zilichukuliwa kwa kilovolti 10. Kifaa kiliulizwa swali ambalo hakikuwa na uwezo wa kulijibu, na ukimya wake ukahesabiwa kuwa jibu.

Uamuzi: majaribio ya bei nafuu kwanza

Njia mbili zilikuwa mezani. Ya kwanza ilikuwa kutuma sampuli nje ya nchi kwa uchunguzi wa uso kwa miale ya X unaopima elektroni zinazorushwa, pamoja na kupima metali kwenye asidi kwa spektrometa ya masi. Hiyo ilimaanisha foleni ya wiki nyingi na ada. Ya pili ilikuwa kutumia vilivyomo kwenye droo.

Walichagua ya pili, kwa sababu nzuri: uchunguzi wa nje ungeeleza kama platini ipo, si kama ndiyo inayofanya kazi. Majaribio matatu ya seli yangeweza kujibu yote mawili. Fimbo ya grafiti safi ya spektroskopia ilinunuliwa kwa bei ndogo sana ukilinganisha na waya wa platini.

Jaribio la kwanza lilikuwa kaboni-kioo tupu, bila kichocheo, waya wa platini upande wa pili, mizunguko 5,000. Kaboni-kioo tupu haitoi haidrojeni ya maana; mwanzoni ilikuwa chini ya miliampea 1 kwa sentimita mraba hata kwa nusu volti. Baada ya mizunguko ilitoa miliampea 10 kwa milivolti 120. Hakuna kingo za molibdeni zinazoweza kuamka mahali ambapo hakuna molibdeni. Kwa mtazamo wa uchambuzi huu, jaribio hilo peke yake lilitosha kusimamisha makala.

Jaribio la pili lilikuwa MoS₂ mpya, asidi mpya, fimbo ya grafiti kwenye chumba chake nyuma ya utando wa Nafion 117, mizunguko ile ile. Milivolti 240 zilishuka hadi 225 katika mamia ya mwanzo, kisha zikapanda polepole hadi 250. Kwa hiyo kuamka kupo, lakini ni kwa milivolti 15, si 180.

La tatu ndilo lililokuwa na akili kuliko yote, na lilipendekezwa na fundi sanifu. Asidi kuukuu ya chupani ilitiwa kwenye seli iliyosafishwa, ikawekwa MoS₂ mpya na grafiti, bila platini yoyote ndani ya chumba. Volti ilishikiliwa kwenye −0.15. Mkondo ulipanda kwa saa kadhaa bila kusimama. Kwa asidi mpya, mpangilio ule ule ulitoa mkondo uliotulia. Platini ilikuwa inatoka kwenye chupa.

Baadhi ya maabara huongeza sumu ya platini, kama thiosianati, na kuangalia kama mkondo unaanguka. Kundi lililijadili na kuliacha: ioni hiyo inaweza kugusa kingo za MoS₂ pia, na jibu lingebaki na utata. Sianidi haikufikiriwa hata kidogo, na isifikiriwe na yeyote, kwani ndani ya asidi hutoa gesi inayoua.

Matokeo

Muhtasari wa mkutano uliondolewa kwa barua fupi iliyoeleza sababu wazi. Rasimu haikupelekwa popote. Msimamizi aliamua pia kwamba data zote zilizopimwa kwa waya wa platini katika mwaka ule zirudiwe, zikiwemo zile ambazo hazikuonyesha kuboreka kwa kushangaza. Uamuzi huo uliuma zaidi. Mwanafunzi wa uzamivu alipoteza kama muhula mmoja. Sampuli mbili hatimaye zilitumwa nje, safari hii zikiwa na swali lililokwisha kujibiwa kwa njia nyingine.

Asidi kuukuu ilikutwa na platini ya makumi ya mikrogramu kwa lita. Kwenye uso wa elektrodi kilele cha platini kilionekana karibu na elektronivolti 71. Hata hapo mtego ulikuwepo. Kaboni-kioo hung'arishwa kwa unga wa alumina wa mikromita 0.3 na 0.05, na alumini ya mabaki hutoa kilele chake karibu na 74, ndani ya eneo lile lile. Mchambuzi alitenganisha viwili hivyo kwa kuangalia pacha wa platini aliye umbali wa elektronivolti 3.3 kutoka kwa mwenzake, wenye uwiano wa nne kwa tatu, na kwa kuthibitisha kwenye mstari wa pili wa platini karibu na 314. Bila uangalifu huo, platini ingeweza kukanushwa kwa kuitwa alumini, au alumini ikaitwa platini kwenye sampuli safi.

Makala iliyotoka baadaye ilikuwa na dai dogo: MoS₂ yenye petali, milivolti 230 hivi, uimara wa kuridhisha, na sehemu nzima inayoeleza kuamka kwa kweli na kuamka kwa bandia kwa picha zinazolingana. Sura ya tasnifu iliyojengwa juu ya kosa hilo ndiyo wanafunzi wapya wa kundi hilo hupewa kusoma kabla ya kushika elektrodi.

Uchambuzi

Kosa la msingi halikuwa waya wa platini. Mamia ya vipimo vya mwanzo, vya dakika chache kwenye asidi mpya, pengine havikuathirika kwa kiwango kinachoonekana. Kosa lilikuwa jaribio linganishi lisilolingana. Kaboni-kioo tupu ilipimwa mara moja, ikiwa mpya, na mstari wake bapa ukachorwa kwenye kila grafu pembeni ya kichocheo kilichokwisha kupita mizunguko 5,000. Jaribio linganishi ambalo halikupita njia ile ile, kwenye asidi ile ile, kwa muda ule ule, halilinganishi kitu. Lingefanywa kwa haki siku ya kwanza, kisa kingeishia hapo kwa gharama ya usiku mmoja wa potensiostati, kifaa kinachoendesha volti za seli.

La pili ni kuchakata asidi. Sababu yake ilikuwa ya kweli, kwa sababu maji safi sana, yale ya megaomu 18.2, hayapatikani kwa urahisi kila mahali, na hakuna sababu ya kumbeza anayeyahifadhi. Lakini kama ni lazima kuweka akiba, seli ya mililita 25 ingepunguza matumizi bila kurudisha chochote kwenye chupa. Kilichofanyika kiliigeuza chupa kuwa akiba ya platini iliyokua kila siku, na hivyo tarehe ikawa na nguvu kuliko kemia ya kichocheo.

Maelezo ya kuamka yalikubaliwa haraka kwa sababu yalikuwa mazuri. Lilipokuja swali la nini kimebadilika, kundi lilitafuta majibu ndani ya kichocheo tu, mahali ambapo utaalamu wao ulikuwa. Kutolingana kwa elektrodi tatu kulikuwa ushahidi wa wazi, na ukapewa jina la unene wa wino bila mtu kupima unene huo. Tofauti kubwa kati ya nakala za sampuli moja inastahili kuchunguzwa kabla ya kupewa jina.

Kwa upande wa pili, daftari liliwaokoa. Fundi sanifu alikuwa na tabia ya kuandika tarehe ya kila chupa ya asidi, jambo ambalo halikuwa limeombwa na mtu. Bila safu hiyo, mwanafunzi wa uzamili angebaki na hisia tu. Vilevile msimamizi, baada ya kupinga kwa hoja ya hadubini, alikubali kushindwa na hesabu ya nanogramu 34 palepale ubaoni. Kundi ambalo mwanafunzi wa uzamili anaweza kusimamisha makala ya mkubwa wake kwa hesabu ya mistari minne lina afya ya kisayansi, hata kama lilikuwa limekosea kwa miezi.

Grafiti nayo isifanywe dawa ya kila kitu. Fimbo hiyo huliwa polepole na oksijeni inayotoka juu yake, ikiacha vipande vya kaboni na gesi ya kaboni ndani ya asidi; ndiyo sababu inakaa kwenye chumba chake. Utando wa Nafion huzuia vizuri ioni hasi za platini na kloridi, lakini ioni chanya hupita humo kwa kawaida yake. Utando unachelewesha. Kinachozuia ni kutokuwa na platini ndani ya seli kabisa.

Mpangilio uliobaki baada ya kisa

Seli ya vyumba viwili, grafiti upande wa pili, utando kati. Elektrodi rejea imebadilishwa kuwa ya zebaki na salfeti ya zebaki, ili kloridi isiwepo popote. Thamani yake, karibu +0.64, hukaguliwa kila mwezi dhidi ya waya wa platini kwenye asidi iliyojaa haidrojeni. Ukaguzi huo hufanyika kwenye bika tofauti, ambalo halirudi kwenye kabati la seli. Ni ajabu jinsi ilivyo rahisi kufanya ukaguzi wa rejea ndani ya seli yenyewe na kuichafua asubuhi hiyo hiyo.

Vyombo vya kioo vilivyowahi kuona platini vilisafishwa kwa maji ya kifalme, yaani asidi ya haidrokloriki tatu kwa naitriki moja, yakitengenezwa papo hapo ndani ya kabati la moshi na bila kufunikwa kamwe, kwa kuwa hutoa gesi na chupa iliyofungwa hupasuka. Kisha vilisuuzwa mara nyingi kwa maji moto mpaka kloridi iishe. Vijiti vya sumaku vya kukorogea, vyenye ganda la Teflon, vilitupwa vyote. Mikwaruzo yake hushika chembe za metali, na hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba vimetakata.

Kila mtihani wa uimara sasa una elektrodi tupu inayopita saa zile zile, na asidi inamwagwa baada ya jaribio moja.

Kundi limeanza pia kazi ya upande wa oksijeni, kwa haidroksidi ya nikeli kwenye potasiamu haidroksidi ya 1 M, na hapo mgeni ana jina jingine. Chuma kilichomo kwa kiasi kidogo mno kwenye potasiamu haidroksidi ya dukani huingia kwenye nikeli na kuongeza utendaji wake kwa kiwango kikubwa. Nikeli iliyosifiwa kwa miaka mingi ilikuwa, kwa sehemu kubwa, nikeli yenye chuma. Kwa hiyo kabla ya kipimo cha kwanza myeyusho husafishwa: haidroksidi ya nikeli safi hutengenezwa, hukorogwa ndani ya myeyusho ili imeze chuma, huachwa itulie, na ni kimiminika cha juu tu kinachotumika, kikihifadhiwa kwenye chupa ya plastiki kwa sababu alkali hula kioo na kioo nacho kina chuma.